Wanaomjua Prachanda wa Nepal njooni hapa, amenivurugia chumba

Gadi_Sanaiya

Wakuu habari za saa hizi. Mi nipo Doha, kempu za wafanyakazi Sanaiya, eneo la viwanda, huu mwaka wa tatu nafanya ugadi. Chumbani tupo sita, Wabongo wawili, Mkenya mmoja, Mghana mmoja na Wanepali wawili. Hawa Wanepali nimeishi nao vizuri sana yani, wakipika dal bhat, ule wali na mchuzi wa dengu, lazima watuite, na sisi tukisonga ugali wanakata tonge kama wamezaliwa Singida. Yule mkubwa tunamwita dai, kwao ndo kaka mkubwa, ana kama miaka 40. Mdogo ana 26.

Sasa Ijumaa iliyopita dai alikua kitandani anaangalia video kwenye simu, mzee mmoja wa masharubu anahutubia, mdogo alikua anapiga pasi yunifomu ya zamu ya usiku. Mdogo akasikia ile sauti, akasema neno moja tu la Kinepali bila hata kugeuka. Dai akazima simu akatoka nje bila ndala, na nje unajua joto la huku. Tangu siku hiyo hawasalimiani, sufuria ya wali ilikua moja sasa ziko mbili, jiko lenyewe la plagi moja, kwa hiyo ugomvi wao unatuchelewesha kula wote sita.

Nimeuliza nikaambiwa huyo mzee anaitwa Prachanda, aliwahi kua waziri mkuu na kabla ya hapo alikua muasi wa msituni. Kinachonichanganya ni hiki: mdogo anatoka Rolpa, sehemu ambayo vita ya huyo mzee ilianzia, dada yake mwenyewe alipigana upande wake. Dai baba yake alikua polisi, yani upande aliokua anaupiga. Ningetegemea dai ndo amchukie na mdogo ndo amtetee. Iko kinyume kabisa! Anayemjua huyu mzee anisaidie kabla sijaingilia mambo ya watu.

Mzee_wa_Kura

Mkuu mada yako tamu, ngoja nijaribu, mi siasa za Asia nazifuatilia kitambo.

Jina lake halisi Pushpa Kamal Dahal. Kazaliwa Desemba 1954 wilaya ya Kaski, milimani karibu na Pokhara, na jina alilopewa utotoni lilikua Chhabilal, akabadili akiwa shuleni. Pushpa Kamal maana yake ua la yungiyungi, na Prachanda ni jina la msituni, maana yake mkali, kwa hiyo ni ua na ni mkali kwa wakati mmoja, na ukimfuatilia utaona alikua anachagua la kutumia kulingana na nani yuko mbele yake. Familia yao ni Brahmin, tabaka la juu, ila wakulima wa hali ya chini, wakashuka tambarare za Chitwan kutafuta ardhi. Akasomea kilimo hapohapo Chitwan, akafundisha shule, na kuna kipindi alifanya kazi kwenye mradi wa maendeleo vijijini huko Jajarkot uliokua unalipiwa na Wamarekani. Haohao Wamarekani waliokuja kukiweka chama chake kwenye orodha ya magaidi, na hakikutolewa humo mpaka 2012. Kumbuka uwaziri mkuu aliupata 2008. Yani miaka minne kabla hakijatolewa humo, kiongozi wa kwanza wa jamhuri katoka chama kilicho kwenye orodha ya magaidi na mabalozi wanampa mkono kama kawaida.

Vita aliianzisha 13 Februari 1996. Siku chache kabla, mwenzake Baburam Bhattarai alipeleka serikalini madai 40, humo kuna kufuta mamlaka ya mfalme, ardhi wapewe wanaoilima, ubaguzi wa tabaka uishe, mikataba na India ivunjwe. Waziri mkuu wa wakati huo ni Sher Bahadur Deuba, hilo jina lishike, nitalirudia. Hawakujibiwa la maana, wakavamia vituo vya polisi Rolpa, Rukum na sehemu nyingine. Rolpa na Rukum ni milima mitupu, barabara hakuna, serikali watu waliijua kwa polisi tu na huyo polisi anakuja kukamata. Wengi wa kule ni Wamagar, kabila la milimani, si watu wa mjini Kathmandu waliozoea kugawana vyeo. Ndo maana moto ulishika.

Miaka kumi. Waliokufa wanatajwa kufikia 17,000, na waliopotea mpaka leo hawajulikani walipo ni zaidi ya 1,300. Waliuawa na pande zote mbili, tena jeshi lilipoingia rasmi mwisho wa 2001 ndo ikawa mbaya zaidi.

Na muda wote huo Prachanda haonekani. Picha zake za kuhesabu, kuna watu Kathmandu walikua wanasema huyo mtu hayupo, ni jina tu limetungwa. Muda mwingi alikua amejificha India, nchi ambayo kwenye karatasi zake aliiita adui. Serikali ya Deuba 2002 ikaweka rupia milioni 5 kwa atakayemleta. Alikuja kuonekana hadharani Juni 2006, kaletwa Kathmandu na waziri wa mambo ya ndani mwenyewe, akakaa mbele ya kamera kwenye makazi ya waziri mkuu. Mtu mzima, nywele zimechanwa, masharubu. Nchi nzima ikawa inamuangalia kwenye TV, aah kumbe yupo.

Mtoi_wa_Nax

Manze hapo kwa 2006 umeruka kitu mzee. Ilikuwaje serikali ikamtoa msituni na motokade? Ni hivi, Juni 2001 familia ya mfalme iliuawa ndani ya kasri, Mfalme Birendra, malkia, watoto, tume ikasema ni mwana wa mfalme, Dipendra, aliyefyatua, naye akafa. Kiti kikaenda kwa ndugu ya mfalme, Gyanendra, na huyo watu hawakumpenda hata siku moja. Februari 2005 akafukuza serikali akashika nchi yote yeye mwenyewe. Ikawa sasa vyama saba vya mjini na Wamao, wale waasi wa Prachanda wa msituni, wana adui mmoja, wakakutana Delhi Novemba 2005 wakaandikiana makubaliano ya vipengele 12. Aprili 2006 watu wakajaa barabarani siku 19 mfululizo, mfalme akasalimu amri. Sasa nyinyi mnapeana sifa zote kwa mtu mmoja, na wale walioandamana je? Mfalme mwenyewe ndiye alimfanyia Prachanda kampeni, wueh.

Mkataba wa amani ukasainiwa 21 Novemba 2006, yeye na mzee Girija Prasad Koirala. Alafu uchaguzi wa Bunge la Katiba Aprili 2008, kila mtu alidhani Wamao wataambulia namba tatu, wakatoka wa kwanza, viti 220. Tarehe 28 Mei 2008 ufalme wa miaka 240 ukafutwa, Agosti Prachanda akawa waziri mkuu, na aliyemshinda kwa kura bungeni ni nani? Deuba huyohuyo, 464 kwa 113.

Mwaka huohuo sisi Kenya tulikuwa tunakula nusu mkate, nakumbuka vizuri kwa sababu babangu alikuwa anasoma gazeti akasema angalau hao wenzetu mfalme wameshamtoa, sisi tumeongeza.

Gadi_Sanaiya

Asanteni, ila bado sijajibiwa. Mpaka hapo mtu wa Rolpa angempenda. Kashinda, mfalme katoka, mnyonge kapata mtu wake. Kilichoharibika nini?

Mzee_wa_Kura

Kilichoharibika kiko kwenye kambi za wapiganaji mkuu, na nadhani jibu la huyo mdogo wako liko hapo.

Baada ya amani wapiganaji waliwekwa kwenye kambi kubwa 7 na ndogo 21 kuzizunguka, silaha zikafungiwa kwenye makontena chini ya macho ya Umoja wa Mataifa. Waliojiandikisha walikua zaidi ya 32,000, UN ikawahoji mmojammoja ikapitisha 19,602. Hao walikua wanasubiri kuingizwa jeshi la taifa. Prachanda hilo ndo lililomng'oa mara ya kwanza. Mkuu wa majeshi, Jenerali Katawal, hakutaka kuwaona wale watu ndani ya jeshi lake, wakavutana, Mei 2009 Prachanda akamfukuza kazi, rais akamwandikia jenerali usiku huohuo abaki ofisini. Kesho yake Prachanda akajiuzulu, miezi tisa tu. Ile ndo siku ambayo mimi naona alikua na msimamo kuliko siku zote, wengine watasema alikua anataka kulimeza jeshi, na wana sababu, kwa sababu siku hizohizo ilivuja video yake akiwaambia makamanda kambini Shaktikhor kwamba wapiganaji wa kweli walikua elfu saba nane hivi, ila walipeleka majina 35,000 ili wabaki na wengi. Yani kajisema mwenyewe kwenye kamera.

Mwisho wa yote unajua waliingia jeshini wangapi? Kama 1,400. Waliobaki wengi walipewa hela mkononi, kati ya rupia laki tano na laki nane, wakaambiwa nendeni nyumbani.

Na kuna kundi lingine, kama 4,000, hao UN iliwakataa, karibu 3,000 kati yao kwa sababu walikua watoto wakati vita inasimama. Walitolewa kambini mwanzoni mwa 2010 wakaitwa ayogya. Neno hilo Kinepali maana yake asiyefaa. Hebu fikiria umechukuliwa shuleni na miaka 14, umebeba majeruhi mlimani usiku, alafu unarudi kijijini na karatasi ya asiyefaa. Baadhi yao sasa hivi wako hukohuko uliko wewe mkuu, Ghuba na Malaysia, wanabeba zege.

Huyo mdogo alisema neno moja? Mi naweka hela kwamba ni hilo.

HesabuZaBunge

Mnamsifia sana humu. Mi niwape hesabu ya awamu yake ya tatu muone anavyocheza.

Uchaguzi wa Novemba 2022, bunge lina viti 275, ili utawale unahitaji 138. Chama chake kilipata 32. Thelathini na mbili! Cha Deuba, Nepali Congress, 89, cha KP Oli 78. Kampeni alikua upande mmoja na Deuba, wamegawana majimbo, wamepigiana debe. 25 Desemba Deuba akakataa kumpa zamu ya kwanza, Prachanda akanyanyuka akaenda kwa Oli, mtu waliyetukanana miaka miwili mizima, na jioni hiyohiyo katangazwa waziri mkuu. Chai ya asubuhi kwa Deuba, chakula cha jioni kwa Oli.

Januari 2023 akaomba kura ya imani akapata 268, karibu bunge zima, kwa sababu Deuba naye aliamua kumpigia ili amrudishe kwake. Na kweli karudi, akaunga mkono mtu wa Congress kua rais, Oli akasusa, Machi kura ya imani ya pili, 172. Machi 2024 kamtosa Deuba karudi kwa Oli, kura ya tatu, 157. Mei mshirika mmoja kajitoa, kura ya nne, 157 tena. Miezi kumi na saba hivi kaulizwa mara nne kama anaaminika, na kila mara waliosema ndiyo si walewale!

Alafu usiku mmoja Julai 2024 Oli na Deuba wakakaa peke yao wakakubaliana wampige chini, wapokezane wao. Angejiuzulu kwa heshima, hakutaka, akalazimisha kura ya tano. 12 Julai 2024, ndiyo 63, hapana 194.

Na huyo Deuba ndo yule wa rupia milioni 5. 2017 pia Prachanda alimwachia Deuba kiti kwa makubaliano ya kupokezana, awamu yake ya pili hiyo, miezi kama kumi. Mtu aliyeweka bei kwenye kichwa chako unakaa naye mezani mnagawana miezi ya uwaziri mkuu, hiyo siasa sijui niite nini.

Kitu kingine, angalieni majimbo. 2008 alishinda Rolpa na Kathmandu. 2013 Kathmandu wakamtema, akaokolewa na Siraha mpakani na India. 2017 Chitwan. 2022 Gorkha. Rolpa iliyomzaa kisiasa hakurudi kuiomba kura kwenye hizo chaguzi tatu. Msukuma wa kwetu angesema huyo ni mkwe, haruhusiwi kulala nyumba moja siku mbili.

Mtoi_wa_Nax

@HesabuZaBunge hapo kwa mkwe umeniua 😂😂

Lakini ongeza hii, bintiye Renu alichaguliwa meya wa Bharatpur huko Chitwan 2017. Uchaguzi huo alikuwa nyuma, zimebaki kura chache kuhesabiwa, watu wa chama cha babake wakararua karatasi za kura za kata moja, ikarudiwa hiyo kata, akashinda. Vijana wa Kathmandu wakikwambia vita ilikuwa ya kuondoa familia moja kwa kiti, ndio utaelewa kwa nini wanacheka. Septemba 2025 walipoingia barabarani hawakuchagua chama, Oli akaanguka kwa siku mbili, zaidi ya watu 70 wakafa, bunge likachomwa na nyumba za wanasiasa kibao pia.

Mzee_wa_Kura

Sawa ila tusimgeuze katuni. Binti yake mmoja alikufa kwa kansa 2014. Mtoto wake wa pekee wa kiume, Prakash, aliyekua ndo katibu wake, moyo ulisimama Novemba 2017, katikati ya kampeni. Mkewe Sita, waliyeoana wakiwa bado watoto na aliyekua naye mafichoni, kafariki 12 Julai 2023 baada ya kuugua sana. Angalia tarehe ya hiyo kura ya 63. Mwaka mmoja kamili, siku ileile. Mi sijui alikua anawaza nini akiwa amekaa kwenye kile kiti anasubiri wahesabu.

Mama_Ituri

Mimi niko Bunia, mutanisamehe Kiswahili chetu. Basoda ba Nepal siye tulibaona hapa wakati ya vita ya Ituri, na kofia yabo ya buluu, batu ba kimya sana, bakipita barabarani batoto banabaita wanasalimia na mikono miwili imeunganishwa. Mimi nilikuwa naosha nguo za watu karibu na kambi yao. Siku moja mmoja akanionyesha picha ya mama yake, akasema kwetu pia iko vita. Nikashangaa, nikamuuliza sasa umekuja kulinda amani ya nani, akacheka.

Kumbe ni jeshi hilo lilikuwa linapigana na huyu muzee munasema. Na leo nasoma kama bale ba pori bengine baliingia mu jeshi moja na bao. Siye hapa Congo kuingiza waasi mu jeshi tunajua vizuri matunda yake, banaingia asubui, mangaribi banarudi pori na bunduki mupya. Kwa hiyo kama Nepal baliingiza elfu moja na mia ine na hakuna aliyerudi pori, musicheke huyo muzee sana.

HesabuZaBunge

Mama hapo umenibana. Hilo sina jibu.

Ila tukumbuke na hili, Januari 2020 alisimama kwenye mkutano akasema waliokufa 17,000 asibebeshwe yeye wote, yeye atabeba 5,000, waliobaki ni wa serikali. Kama anagawana bili ya hoteli. Mahakama ya Juu ya kule Machi 2023 ikaamuru kesi juu ya hayo maneno ipokelewe. Mi mtu akishaanza kugawa maiti kwa mafungu simwelewi tena.

Gadi_Sanaiya

Wakuu nimerudi. Jana nilikua na zamu moja na mdogo, geti la nyuma, gari haziji, tukakaa kwenye kontena la AC mpaka alfajiri. Nikamuuliza lile neno la Ijumaa lilikua nini.

Ni hilo. Ayogya. @Mzee_wa_Kura hela yako iko salama.

Dada yake alichukuliwa na miaka 14, 2004. Wamao walikua wanapita nyumba kwa nyumba, kila familia itoe mtu mmoja, baba yao alikua mgonjwa na yeye mdogo alikua na miaka mitano, basi akaenda dada. Kambini alikaa miaka mitatu anasubiri, kajifunza kushona, siku ya kutolewa wakapewa shada la maua na hela ya nauli. Kijijini hakuna aliyetaka kumuoa, msichana aliyelala msituni na wanaume. Sasa hivi yupo Kuwait, kazi za ndani. Kasema, mkubwa huyo mzee akipanda jukwaani anaita mashujaa wangu, dada yangu hayumo kwenye hao mashujaa, dada yangu ana karatasi.

Nikabaki kimya. Nikasema na dai je, mbona yeye anampenda. Akasema hampendi, nenda kamuulize.

Leo mchana nikamuuliza dai, anakunja blanketi. Baba yake alipigwa risasi ya bega kituo kilipovamiwa, akapona, ila kijijini hawakuweza kurudi, polisi na familia yake angechinjwa, wakapanga chumba kimoja Nepalgunj watu saba miaka mitano. 2006 baada ya mkataba ndo wakarudi kulima. Baba yake mpaka leo mkono wa kushoto haupandi juu ya kichwa. Kasema sijali ana vyama vingapi na anakula na nani, yule angeweza kukaa msituni miaka kumi mingine na hakukaa, mimi namhesabia hiyo moja tu. Alafu akaniambia kile ambacho nadhani ndo kilimtoa nje bila ndala siku ile. Hakukasirika kwa sababu ya mzee. Alisikia lile neno akajua limemhusu nani, na hajui amwambie nini mdogo wake, kwa sababu amani iliyowarudisha wao nyumbani ndo hiyohiyo iliyomfukuza dada wa mwenzake kambini.

Sufuria bado ziko mbili. Ila leo dai kapika ya kwanza akaacha jiko limewashwa, na kawaida analizima.

Asanteni wote, zamu inaanza saa kumi na moja, acha nilale.